Greg LeMond na zile sekunde 8: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila nikimtaja LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France ya 1989 (mbio za baiskeli za wiki 3 kule Ufaransa) kwa tofauti ya sekunde 8, kwa watu wanaofuatilia baiskeli naulizwa maswali yaleyale, kwa hiyo nimeyakusanya hapa pamoja na majibu. Mengine nimejibu kwa kirefu kwa sababu ukikata unaharibu stori.

Mmarekani aliyeshinda Tour de France si Lance Armstrong?

Hapana, na hili nimelianza makusudi. Armstrong alipewa ushindi mara 7, 1999 mpaka 2005, na mwaka 2012 zote zikafutwa kwa sababu ya dawa za kuongeza nguvu. Floyd Landis akaja 2006, naye akapimwa, akakutwa, akanyang'anywa. Ukifungua orodha ya washindi leo ukatafuta mwanaume wa Kimarekani unakuta jina moja tu, Greg LeMond, mara 3: 1986, 1989 na 1990. Nasema mwanaume kwa sababu mwaka 1984 kulikuwa na Tour ya wanawake iliyokimbizwa kipindi kilekile cha wanaume, na aliyeshinda ni Mmarekani, Marianne Martin, miaka 2 kabla ya LeMond. Wengi hawamjui kabisa na inaniuma.

Alianzaje? Kwao walikuwa watu wa baiskeli?

Wala. Alizaliwa tarehe 26 Juni 1961 Lakewood, California, akakulia Washoe Valley kule Nevada, sehemu ya milima na theluji, na mchezo wake ulikuwa kuteleza kwenye theluji, ile ya kuruka na kujipindua hewani. Baiskeli aliambiwa apande kiangazi ili miguu isilale, basi akapanda, akaanza kuwapiga watu wazima, na theluji ikasahaulika. Mwaka 1979 akaenda Buenos Aires akawa bingwa wa dunia wa vijana. Mwaka uliofuata alichaguliwa kwenda Olimpiki ya Moscow lakini Marekani wakasusia, hakwenda. (Wakubwa zetu watakumbuka ndo Moscow hiyohiyo Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walituletea medali za fedha Tanzania. Kenya nao walisusia.)

Ulaya alifikaje?

Alifuatwa. Cyrille Guimard, kocha wa timu ya Renault ya Ufaransa, alipanda ndege mpaka Nevada kumsainisha, na akaongozana na Bernard Hinault mwenyewe, bingwa mkubwa wa wakati ule. LeMond akaanza baiskeli ya kulipwa 1981, hajafika hata miaka 20 vizuri. Shika hayo majina mawili, Guimard na Hinault, yanarudi mbele na kila moja linarudi kwa namna ya kuumiza.

Ni kweli aliwahi kumkimbiza Mmarekani mwenzake mpaka akakosa ushindi?

Hiki kisa ni cha ubingwa wa dunia 1982, Goodwood, Uingereza. Jonathan Boyer, ambaye mwaka mmoja nyuma alikuwa Mmarekani wa kwanza kukimbia Tour, alikuwa mbele peke yake ndani ya kilometa ya mwisho. LeMond akatoka nyuma akamfuata, kundi likafuata hapohapo, Giuseppe Saronni wa Italia akachomoka akachukua dhahabu, LeMond fedha, Boyer akamezwa. Kwao ilileta maneno mengi sana. Utetezi wa LeMond ni kwamba hawakuwa timu kwa maana ya kweli, kila mtu alilipwa na kampuni yake huko Ulaya, na Boyer asingefika. Mimi ukiniuliza naona angeshikwa tu, Saronni siku ile alikuwa na miguu ya moto.

Huyu Boyer anatuhusu sisi wa huku. Miaka mingi baadaye alikuja Rwanda akawa kocha wa timu ya taifa ya baiskeli, na kwenye mikono yake ndo alipita Adrien Niyonshuti aliyeenda Olimpiki ya London 2012. Kwa hiyo ulipoona ubingwa wa dunia umeletwa Kigali Septemba 2025, mara ya kwanza kabisa Afrika, jua kuna uzi mrefu unaopita kwa yule jamaa aliyekimbizwa na LeMond Goodwood.

Kabla ya Tour alishinda nini?

Tour de l'Avenir 1982, ile ya vijana, kwa zaidi ya dakika 10, ambayo ni kama mtu kuwaacha wenzake wakanywe chai. Ubingwa wa dunia 1983 Altenrhein, Uswisi, Mmarekani wa kwanza mwanaume kuupata kwa wanaolipwa. Halafu 1984 kwenye Tour yake ya kwanza kabisa akawa wa 3 na akavaa jezi nyeupe ya kijana bora.

Hebu elezeni vizuri ugomvi wake na Hinault.

Hapa tulia kidogo. 1985 LeMond akahamia La Vie Claire, timu ya tajiri Bernard Tapie, ambako Hinault alikuwa ndo mkubwa. Mwaka huo Hinault alikuwa na jezi ya njano, ile ya anayeongoza msimamo, lakini alianguka Saint-Étienne akavunjika pua, anapumua kwa shida, na siku ya kupanda Luz Ardiden LeMond alikuwa mbele na miguu iko vizuri kuliko wote. Gari la timu likamwambia asubiri, Hinault yuko nyuma kidogo tu. Akasubiri. Kumbe Hinault alikuwa mbali kuliko alivyoambiwa. Hinault akashinda Tour yake ya 5, LeMond wa 2, na mkubwa akaahidi mbele za watu kwamba mwaka ujao atafanya kazi kwa ajili ya kijana.

Mwaka ujao ukafika. 1986, siku ya kwenda Pau, Hinault akachomoka, na jioni kwenye msimamo alikuwa mbele ya LeMond kwa zaidi ya dakika 5. Fikiria uko kwenye timu moja na mtu, mnakula meza moja, mnavaa jezi moja, na jana usiku mmeambiwa wewe ndo kiongozi. Kesho yake Hinault akachomoka tena, akiwa tayari na jezi ya njano, ila safari hii akazidiwa, jua likamkausha, na LeMond akashinda kule juu Superbagnères na kurudisha karibu dakika zote, zikabaki sekunde 40. Baadaye kwenye Col du Granon LeMond akavaa njano, na hakukuwa na Mmarekani aliyewahi kuivaa kabla yake.

Halafu Alpe d'Huez. Hiyo picha lazima umeiona hata kama hujui ni ya nini: wawili wanapanda pamoja mbele ya maelfu ya watu, wamewaacha wengine dakika kadhaa, na mita za mwisho wanashikana mabega na mikono wanacheka, LeMond anamwachia Hinault avuke mstari kwanza. Ukiangalia haraka unasema undugu huo. Angalia tena ukijua kwamba muda si mrefu baada ya hapo Hinault alisema kwenye TV kwamba Tour bado haijaisha. LeMond alimaliza Paris akiwa mbele kwa dakika 3 na sekunde 10. Hinault mpaka leo anasema alikuwa anamkomaza. Mimi siamini, huwezi kumkomaza mtu kwa kumpita dakika 5.

Alipigwa risasi kweli?

Kweli. Tarehe 20 Aprili 1987, miezi 9 tu baada ya ushindi wa Paris, yuko kwao California kwenye shamba karibu na Lincoln, wanawinda bata mzinga. Shemeji yake aliona kichaka kinatikisika akapiga, na nyuma ya kichaka ni LeMond. Bunduki ya marisau, kwa hiyo si risasi moja, ni vipande vidogo karibu 60 vimemwingia mgongoni na ubavuni, pafu likaporomoka. Bahati yake ilikuwa helikopta ya polisi wa barabarani iliyokuwa karibu, ikambeba mpaka hospitali iliyozoea majeraha ya risasi, na baadaye aliambiwa zilibaki kama dakika 20 damu imwishie. Mke wake Kathy alikuwa mjamzito wa mtoto wa pili.

Yale ya kuingia mwilini si yote yalitolewa. Zaidi ya 30 yaliachwa, mengine kwenye ngozi inayozunguka moyo, kwa sababu kuyafuata huko ni hatari kuliko kuyaacha. Miezi michache baadaye akafanyiwa operesheni nyingine ya tumbo. 1988 akaumia mguu. Misuli iliisha, ile miguu ya Alpe d'Huez haikuwepo tena. Timu kubwa zikawa hazimtaki, akaishia ADR, timu ndogo ya Ubelgiji isiyo na watu wa kumsaidia milimani. Kwenye Giro d'Italia 1989, mbio kubwa za Italia zinazofanana na Tour, alikuwa anaachwa na watu ambao zamani walikuwa hawamwoni hata mgongo, mpaka madaktari wakagundua madini ya chuma mwilini yako chini sana, akachomwa sindano, na siku ya mwisho kwenye mbio za saa, yaani kila mtu anatoka peke yake anashindana na saa, akawa wa 2. Kwenye msimamo mzima alikuwa wa 39, kwa hiyo karibu hakuna aliyeshtuka.

Haya sasa, sekunde 8. Ilikuwaje?

Tour 1989 tangu siku ya kwanza ilikuwa ya ajabu, maana bingwa mtetezi Pedro Delgado alichelewa kufika kwenye mstari wa kuanzia Luxembourg akapoteza dakika 2 na sekunde 40 kabla hajakanyaga pedeli. Akabaki Laurent Fignon, Mfaransa, mshindi wa 1983 na 1984, miwani na nywele ndefu kafunga nyuma, na kocha wake ni nani? Guimard, yuleyule aliyepanda ndege mpaka Nevada. Wiki 3 jezi ya njano inahama, LeMond, Fignon, LeMond tena, Fignon tena, na hakuna wakati mmoja kati yao alimwacha mwenzake hata dakika moja. Asubuhi ya mwisho Fignon yuko mbele kwa sekunde 50.

Kwa kawaida siku ya mwisho Paris huwa karibu ni ya sherehe. 1989 waandaaji waliweka mbio za saa, kilometa 24.5 kutoka Versailles mpaka Champs-Élysées. Piga hesabu: LeMond alihitaji kumtoa Fignon zaidi ya sekunde 2 kila kilometa. Kwa umbali mfupi vile, kwa mtu wa daraja la Fignon, watu walisema haiwezekani, na magazeti ya Paris yalishaandaa kurasa za Mfaransa mshindi.

LeMond akatoka dakika 2 kabla ya Fignon. Kichwani helmeti ndefu yenye mkia, na kwenye usukani amefunga kile kipande cha ziada kinachotokeza mbele, ambacho wakati ule walikuwa nacho watu wa triathlon, mchezo wa kuogelea, baiskeli na kukimbia. Ili uelewe kinafanya nini jaribu sasa hivi ulipokaa: nyoosha mikono mbele, viwiko vikaribiane, kichwa kishuke katikati ya mabega, utaona kifua kimepotea, upepo hauna pa kugonga. Aliiambia timu wasimpe muda wa mtu yeyote njiani, hataki kujua, anakanyaga tu. Fignon akatoka kichwa wazi, usukani wa kawaida, nywele zinapepea, na alikuwa na jeraha baya sehemu ya kukalia lililomnyima usingizi.

LeMond: dakika 26 na sekunde 57, wastani wa kilometa 54.5 kwa saa. Mimi kwenye barabara ya Bagamoyo na baiskeli yangu ya mtumba nikikaza mpaka naona giza nafika 38, tena kwa dakika chache upepo ukinisukuma. Halafu akasimama pembeni anaangalia saa ya Fignon inavyohesabu. Fignon anaonekana kwa mbali kwenye mawe ya Champs-Élysées, anayumba, saa inapita muda wake wa kuokoka, anavuka, anaanguka chini. Dakika 27 na sekunde 55. Sekunde 58 nyuma, na alikuwa na akiba ya 50.

Kilometa 3,285, saa 87 na dakika 38, tofauti sekunde 8. Kwa spidi ya LeMond siku ile hizo ni kama mita 120. Mpaka leo hakuna Tour ya wanaume iliyoamuliwa kwa muda mdogo kuliko huo.

Si aliiba kwa ule usukani?

Hakuiba. Waamuzi waliuona, na hakuutoa mfukoni siku ya mwisho, alishautumia tangu mbio za saa za Rennes wiki ya kwanza, akashinda mchana kweupe. Guimard na Fignon walikuwa na wiki 2 za kutafuta wa kwao. Hawakutafuta.

Fignon alipona na hilo?

Si kirahisi, alilibeba. Alifariki 2010 kwa saratani akiwa na miaka 50, na watu waliendelea kumuuliza hizo sekunde 8 kuliko Tour 2 alizoshinda, jambo ambalo si haki hata kidogo, alikuwa mkimbiaji mkubwa sana. Wiki chache baada ya Paris walikutana tena kwenye ubingwa wa dunia Chambéry, mvua inanyesha, Fignon anachomoka, LeMond anamfuata kila mara mwenyewe, na mwishoni akawapiga Konyshev wa Urusi ya wakati ule na Sean Kelly wa Ireland kwenye mbio za mita za mwisho. Tour na ubingwa wa dunia mwaka mmoja, na marisau mwilini.

Inakuwaje 1990 alishinda Tour bila kushinda steji (mbio za siku moja ndani ya Tour) hata moja?

Kwa sababu kinachohesabiwa ni jumla ya muda. Steji ya kwanza watu 4 waliachiwa wakaenda zaidi ya dakika 10, mmoja wao Claudio Chiappucci wa Italia, na ikamchukua LeMond wiki 3 kuzirudisha kidogokidogo. Siku moja kabla ya Paris alikuwa bado nyuma kwa sekunde 5, zikaja mbio za saa za Lac de Vassivière, palepale alipopata steji yake ya kwanza ya Tour 1985, akavaa njano hapo. Akamaliza mbele kwa dakika 2 na sekunde 16.

Mbona alishuka ghafla baada ya hapo?

1991 wa 7, 1992 akajitoa, 1994 akajitoa tena na Desemba akastaafu. Yeye alisema madaktari walikuta tatizo kwenye misuli, na yale madini ya risasi mwilini hayakuacha kumsumbua. Lakini kuna jambo la pili, ni miaka hiyohiyo EPO ilipoingia kwenye baiskeli, dawa inayoongeza chembe nyekundu za damu, na ghafla kundi lote likawa linapanda milima kwa spidi ambayo mtu asiyetumia hawezi kuifuata. LeMond hajawahi kukutwa na dawa, hata mara moja.

Na alimkosea nini Armstrong?

Alisema ukweli mapema mno. 2001 dunia nzima inamshangilia Armstrong, mtu aliyepona saratani, LeMond akasema anasikitika Armstrong anafanya kazi na Michele Ferrari, daktari wa Italia aliyekuwa na kesi ya dawa. Alilazimika kuomba radhi hadharani. Akaitwa mwenye wivu, mzee anayelinda rekodi yake. Baiskeli zenye jina lake zilitengenezwa na kusambazwa na Trek, kampuni iliyokuwa pia na Armstrong, uhusiano ukaharibika, 2008 wakafika mahakamani na 2010 wakamalizana kwa makubaliano. Miaka 11 alikaa na hilo jina la mwenye wivu mpaka 2012.

Lakini siku ninayoiheshimu kuliko zote ni Mei 2007, kesi ya Landis. LeMond alikuwa amemshauri Landis aseme ukweli, na ili kumwonyesha siri inavyokula mtu alimweleza jambo ambalo karibu hakuna aliyelijua, kwamba utotoni alinajisiwa. Usiku wa kuamkia siku ya ushahidi akapigiwa simu na mtu wa upande wa Landis, anatishiwa siri hiyo itatolewa. Kesho yake akapanda kizimbani akaisema mwenyewe, mbele ya wote. Wanaume wa umri wake hawakuwa wanasema vitu hivyo, huku kwetu ndo kabisa, na baada ya hapo aliendelea kusaidia taasisi ya wanaume waliofanyiwa hivyo wakiwa watoto.

Kuna kitu aliacha kwenye mchezo zaidi ya vikombe?

Hela, kwanza. Mkataba wake wa La Vie Claire wa dola milioni 1 kwa miaka 3 uliwashtua Wazungu, na baada ya 1989 timu ya Z ikampa kama milioni 5 na nusu kwa miaka 3, mishahara ya wengine nayo ikapanda. Halafu vifaa: 1986 alitumia baiskeli ya fremu ya kaboni, na sasa utaitafuta ya chuma kwenye Tour hutaipata. Vile vya usukani wa mbele kila mtu anavyo kwenye mbio za saa.

Wamarekani wengine je?

Andy Hampsten alishinda Giro 1988, Chris Horner Vuelta (mbio kubwa za Hispania) 2013 akiwa na miaka 41, Sepp Kuss Vuelta 2023. Tour bado ni LeMond peke yake.

Yuko wapi sasa, na yale marisau yalishatolewa?

Yuko hai. 2020 Marekani ilipitisha sheria ya kumpa medali ya dhahabu ya Bunge lao, mwendesha baiskeli wa kwanza kuipata, na 2022 alitangaza ana saratani ya damu, ile ya pole inayotibika kwa vidonge. Marisau hayajatolewa. Zaidi ya 30 bado yamo, pamoja na yale ya karibu na moyo, na yalikuwemo siku ile ya Versailles.